Bibi Robi na Mkewe Kanisani

Mwaka wa tisini na sita, dhahabu ilipoonekana katika kilima cha Kerengo, Bibi Robi alikuwa na miaka sitini na miwili, magoti mabovu, mabinti watatu walioolewa mbali, na mdomo ambao majirani zake wa Busawe walisema ungefaa kupasulia miamba. Mumewe, Mwikwabe, alikuwa amekufa zamani bila kumwachia mtoto wa kiume. Alimwachia shoka, kigoda na mazoea ya kuzungumza peke yake. Mazungumzo hayo baadaye aliyaelekeza kwa Mungu, ila lugha hakuibadilisha.

"Sasa Wewe," alimwambia siku watu walipoanza kumiminika na sururu, "dhahabu umeificha hapo tangu uumbaji, na mimi nimelima mihogo juu yake miaka arobaini. Ulikuwa unanicheka?"

Walikuja watu wa kila namna: Wasukuma kutoka Geita, Wajaluo wa ziwani, vijana wa Kenya waliopenya mpaka wa Sirari wakimwita kila mtu "boss". Mahema ya plastiki yakaota kilimani kama uyoga. Wanaume walichimba, wakaponda mawe, wakaosha mchanga, wakautupa. Bibi Robi alikwenda na karai lake kuuosha upya ule uliotupwa.

"Mwanamume ana haraka na kila kitu," alisema. "Kinachobaki kinatosha kabisa."

Kikatosha. Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa na ng'ombe wa kueleweka, na watu wakasubiri aezeke nyumba kwa bati au anunue redio. Bibi Robi hakufanya hata kimoja. Alioa.

Kwa Wakurya hilo si la kumwangusha mtu kitini. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari, akaoa binti, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake na wa ukoo wa marehemu mumewe. Wanaiita nyumba ntobhu. Bibi zetu waliifanya, na bibi zao pia, na hakuna aliyewahi kuitisha kikao juu yake mpaka ilipofika kwa Wamethodisti.

Aliyeolewa aliitwa Agustina. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ametoroka kwa mume Tarime, akawa anaosha sufuria kwa Kuruthumu, mama wa Kiislamu aliyeuza chai na chapati pale machimboni. Bibi Robi alimwona mara ya kwanza akimtandika mwiko wa ugali mchimbaji aliyemshika kiuno.

"Huyu," alimwambia Kuruthumu, "ndiye wa nyumba yangu."

"Muulize mwenyewe," alisema Kuruthumu. "Mwiko bado anao."

Bibi Robi akamuuliza. Agustina alifikiri siku tatu, kisha akaja na swali moja tu: "Utanipiga?"

"Kwa mikono ipi? Hii inayoshindwa kufungua kopo la chumvi?"

Ng'ombe wakapelekwa kwa baba yake Agustina, ambaye aliwarudisha kwa mume wa kwanza ili binti awe huru. Kwa hiyo walipita tu kwa mzee kunywa maji. Mwaka uliofuata Agustina alijifungua mtoto wa kiume. Kijana aliyesaidia katika jambo hilo alikuwa mchimbaji mpole, aliyechaguliwa na Agustina mwenyewe, na mapema kabisa aliondoka kufuata dhahabu nyingine iliyoibuka huko Kahama. Bibi Robi hakuwa ameweka masharti mengi. Alisema tu awe na meno yote.

Mtoto akaitwa Mwikwabe, kama marehemu. Na Bibi Robi, ambaye alijiunga na Kanisa la Methodisti kwa sababu ya nyimbo na akabaki kwa sababu ya Yesu, maana alimwona kama mtu asiyebagua wa kula naye, akataka mtoto abatizwe.

Jumamosi moja walikwenda ofisini kwa mchungaji. Mchungaji Simon alikuwa kijana wa Mbeya, mwaka wa kwanza katika usharika huo, mpole mpaka kuku waliingia ofisini kwake bila kubisha. Aliwaamkia, "Shikamoo bibi," akafungua daftari la ubatizo, akachonga penseli.

"Jina la mtoto?"

"Mwikwabe."

"Jina la mama?"

"Agustina huyu hapa."

"Jina la baba?"

"Andika Robi."

Mchungaji akaandika R, akasita. "Robi ni jina la kike, bibi."

"Ndiyo. Ni langu."

Penseli ikabaki hewani. Bibi Robi akamweleza jambo lote, taratibu, kama anavyoelezwa mgeni njia ya kwenda mtoni. Mchungaji alisikiliza huku masikio yakizidi kuwa mekundu, kama masikio meusi yanaweza kuwa mekundu, na Bibi Robi alikuwa tayari kuapa kwamba yanaweza.

"Labda tumwandike marehemu," alisema mwishowe.

"Marehemu amekufa huyu Agustina hajaota meno. Unataka kumwandikia muujiza ambao hata manabii hawakuutenda?"

"Lakini bibi, wewe huwezi kuwa baba."

"Mwanangu, kwa Kikurya chetu, baba ni mama. Mwanamume ndiye tata. Karatasi yenu inauliza baba, mimi najibu baba. Kama mlitaka tata, mngeuliza tata."

Agustina aligeuka dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mchungaji alifunga daftari, akasema suala hili linahitaji maombi. Bibi Robi alikaa kanisani miaka mingi kiasi cha kujua kwamba maombi ya namna hiyo huwa na mwenyekiti na katibu.

Na kweli, Jumapili baada ya ibada kikaitishwa kikao cha wazee wa kanisa. Aliyezungumza zaidi alikuwa Mzee Machage, msimamizi wa usharika. Machage alikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na ilikuwa imemfanyia mema. Katika mema hayo, alikuwa ameezeka nusu ya mbele ya kanisa kwa bati jipya linalong'aa. Nusu ya nyuma ilibaki na bati kuukuu la siku za mwanzo, lenye kutu. Chini ya bati jipya waliketi wenye viatu. Nyuma waliketi wachimbaji na matope yao, akina mama wauza pombe, mgonjwa wa kifafa mmoja, na tangu kuoa, Bibi Robi na mkewe. Hakuna aliyewaambia wahamie huko. Waliona tu kwamba kila wakifika mbele, mabenchi yalikuwa yamejaa mikoba.

"Mimi simchukii mtu," alianza Machage, na Bibi Robi akajua kinachofuata. "Lakini wachimbaji wananicheka. Wananiuliza, eti kwenu wanawake wanaoana? Juzi mmoja aliniuliza ni nani kati yao anayenyoa ndevu."

"Mimi," alisema Bibi Robi. "Ninazo tatu hapa kidevuni. Njoo uzione."

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka wako kikaoni. Teresia, mke wa Machage na mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, aliinuka. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya utaratibu.

"Bibi Robi, tunakuheshimu. Ila watu watafikiria mnalala..." Akatafuta neno, akalikosa.

"Tunalala, Teresia. Nina miaka sitini na minne. Nikiguswa kiunoni napiga kelele mpaka mbwa wanaamka. Lakini hata ningekuwa na kiuno kizima, nimekuja kuomba mtoto apakwe maji. Sikuja kuomba ruhusa ya kitanda."

Kikao kiliamua kwamba mtoto asibatizwe mpaka "familia itakaporekebisha mwenendo", na wote wawili wasikaribie Meza ya Bwana. Mchungaji Simon alisoma uamuzi huo akitazama viatu vyake. Bibi Robi akainuka, akatoka nje. Wakashika njia ya kurudi. Agustina alimbeba mtoto mgongoni na kulibeba pia begi la Biblia ambalo Bibi Robi siku zote alikataa kupokelewa.

"Sema hata tusi moja, mama," alisema Agustina. "Unanitisha."

"Miaka thelathini nimefagia kanisa lile," alisema Bibi Robi.

Jumatano mchungaji alifika nyumbani kwao kwa baiskeli. Alikaribishwa kigoda, akapewa ugali wa mtama na mlenda, akala kama mtu aliyekuwa akiogopa kunyimwa chakula. Alisema amekuja kuwafariji. Bibi Robi alikuwa anapalia mihogo karibu na ua, akapalia kwa nguvu zaidi ili asisikike akisikiliza.

"Dada Agustina," mchungaji aliuliza, "wewe mwenyewe huwezi kufikiria kuolewa vizuri? Kwa ndoa ya Kikristo?"

Agustina aliweka chini kata ya maji. Hakuwa msemaji, mdomo wa nyumba ile ulikuwa na mwenyewe.

"Nilishaolewa hivyo, mchungaji. Kanisani, kwa pete na cheti. Akanivunja mkono huu. Wazee wa kanisa wakaja, wakakaa kama ulivyokaa wewe, wakala kuku wangu, wakaniambia nivumilie. Akanivunja tena. Hapa sina pete wala cheti. Nikiugua, bibi huyu anatembea na magoti yake mpaka Mugumu kuniletea dawa. Mtoto akilia saa nane za usiku, yeye ndiye anaamka, anamwimbia nyimbo za kanisa na kukosea maneno. Sasa wewe umesoma. Niambie nyumba ya Kikristo ni ipi kati ya hizo mbili, nikakae humo."

Jembe lilikuwa limesimama. Bibi Robi alijikuta anafuta macho kwa kiganja chenye udongo, akajilaani, kwa sababu sasa ilibidi apige chafya kweli ili kuficha.

Mchungaji Simon alitazama sahani yake. Akaomba aongezewe mlenda. Alipomaliza, akanawa, akavaa kofia yake, akasema, "Jumapili ijayo, saa nne. Mje na mtoto." Kisha akapanda baiskeli upande usiofaa, akaanguka, akainuka, akaenda zake.

Habari zikafika kwa Machage kabla ya mchungaji kufika kwake. Ijumaa asubuhi msimamizi alikuja kanisani na ngazi na vijana wanne wa karasha, akang'oa bati lake lote, moja baada ya jingine, misumari ikilia. "Nililotoa kwa moyo, nalichukua kwa moyo," alimwambia mchungaji, akaenda kuezekea banda la mashine. Watu waliopita barabarani walisimama kutazama. Wachimbaji walipiga makofi, maana kilimani burudani ilikuwa chache.

Jumapili ikafika na jua kali. Wenye viatu waliketi mahali pao pa siku zote, mbele, chini ya mbingu ya Mungu, wakijipepea kwa vitabu vya nyimbo. Teresia alikuja, Machage hakuja. Huku nyuma Bibi Robi alivaa gauni la kitenge lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, na kando yake alikaa Kuruthumu, ndoo ya chapati katikati yao na mtandio kichwani. Alikuwa amekuja kwa ajili ya karamu ya ubatizo, akakataa kusubiri nje.

"Nisubiri nje, nimekuwa ng'ombe?" alisema.

Katikati ya mahubiri wingu likatokea upande wa Tarime. Mchungaji aliliona akaongeza mwendo. Wingu nalo likaongeza. Alikuwa anasema "na jirani yako ni nani?" mvua iliposhuka, siyo kwa matone bali kwa ndoo.

Wenye viatu walistahimili kama dakika moja, kwa ajili ya heshima. Kisha mzee mmoja wa kanisa akakimbia, na baada ya huyo ikawa ni Waisraeli na bahari. Wote walisukumana kuja nyuma chini ya bati la kutu. Mabenchi ya watu wanne yakabeba tisa. Mwalimu mkuu wa shule akajikuta amepakatwa, haijulikani kwa mpango gani, na mchimbaji mwenye tope hadi kwenye nyusi. Mshika sadaka alibanwa kati ya wauza pombe wawili, ambao walimsogezea khanga ajifunike na kumwita kwa jina, jambo lililomtoa jasho licha ya baridi. Teresia, akichuruzika toka kilemba hadi viatu, alisukumwa mpaka benchi la Bibi Robi, akakaa nusu juu yake na nusu juu ya ndoo ya chapati.

"Karibu," alisema Bibi Robi. "Angalia kiuno changu."

"Samahani, bibi."

"Na chapati zangu," alisema Kuruthumu.

Mvua ilipiga bati kwa kishindo hata mahubiri yasingeweza kuendelea. Mchungaji Simon, shati limemganda mgongoni, akasogea na bakuli la ubatizo katikati ya msongamano, maana hakukuwa tena na mbele wala nyuma. Akapaza sauti: "Mtoto huyu aletwe!" Agustina akampitisha mtoto juu ya vichwa vya watu, na Mwikwabe mdogo alipita mikono kwa mikono, ya matope na ya sabuni, akitazama kila uso kwa mshangao.

"Nani kati ya waumini anasimama pamoja na mtoto huyu, kuahidi kumlea katika imani?"

Hapo ikasikika mvua peke yake. Bibi Robi aliinamisha kichwa. Walikuwa wamekubali kubanana naye. Kusimama kwa ajili yake lilikuwa jambo jingine. "Unaona?" alimwambia Mungu kimoyomoyo. "Hawa ndio watu Wako."

Kuruthumu akainuka.

"Mimi Muislamu na nitakufa Muislamu," alisema, "kwa hiyo imani yenu siwezi kuahidi. Lakini mikono hii ndiyo iliyompokea huyu mtoto alipozaliwa, nyuma ya hoteli yangu, kati ya mkaa na unga. Ninyi Wakristo mko wangapi humu ndani? Mnataka mimi ndiye nisimame?"

Watu walitazamana, yaani walitazamana kwa umbali wa vidole viwili, kwa jinsi walivyobanana. Ndipo Teresia akanyanyuka kutoka kwenye paja la Bibi Robi.

"Mimi nitasimama," alisema. "Mama yangu mzazi aliolewa na mwanamke. Nimelelewa na bibi wa namna hii huko Nyamwaga, na hakuna baba aliyenipenda kama yeye. Sijawahi kulisema hili hapa. Mume wangu analijua, na aliniambia nisiliseme." Akamchukua mtoto. "Basi nimelisema. Mchungaji, tuendelee, mtoto ataumwa."

Bibi Robi akamshika Teresia kwenye kiwiko. Mchungaji Simon akachota maji katika bakuli, ingawa mtoto alikuwa ameshalowa kuliko kanuni inavyotaka, na akambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mwikwabe akapiga kelele. Watu wote wakaimba, kila mmoja kwa sauti aliyobaki nayo, na wachimbaji ambao hawakujua maneno wakavuma tu kwa chini, ikapendeza. Baadaye wakala chapati zenye umbo la makalio ya Teresia, na hakuna aliyelalamika. Katika daftari, mahali pa baba, mchungaji aliandika "Robi", akafunga kabla mtu hajachungulia.

Haikuwa mwisho wa maneno. Familia mbili zilihamia kanisa lingine, na kuna walioendelea kuwaamkia Agustina na Bibi Robi kwa kidevu tu. Lakini mikoba ilikoma kukaa kwenye mabenchi, na wote wawili walirudi kwenye Meza ya Bwana.

Mwaka uliofuata mwamba wa Kerengo uliingiwa na maji na dhahabu ikapotea. Mahema yakang'olewa, vijana wakaenda kwingine, karasha la Machage likabaki linatagiwa na kuku. Jumapili moja watu walimwona yeye mwenyewe nje ya kanisa, ameketi juu ya baiskeli yake karibu na ua, akisikiliza nyimbo. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Teresia aliingia na kutoka akimpita bila kusema neno; walikuwa wanaongea nyumbani, alisema, ila hilo la kuingia alimwachia yeye mwenyewe.

Jumapili ya tatu Agustina alimgusa Bibi Robi kwa kiwiko. "Nenda kamwite."

"Mimi? Aliyenifukuza kwenye mkate wa Bwana? Akae huko, hewa ni nzuri."

"Mama."

"Magoti yangu."

"Magoti yako yalikwenda Mugumu."

Bibi Robi alimtazama Mungu kwa jicho baya, kupitia tundu la bati. Alikuwa amefurahia kumchukia Machage kwa mwaka mzima. Ilikuwa moja ya starehe chache alizobakiwa nazo, na sasa aliombwa aitoe kama sadaka. Akainuka. Akatoka nje polepole, akimpa Bwana muda wa kubadili mawazo, na Bwana hakubadili.

Machage alipomwona alishuka kwenye baiskeli. Alikuwa amekonda. "Bibi Robi," alisema, "mimi nilikuwa napita tu."

"Jumapili tatu unapita? Barabara imekuwa ndefu."

Machage akapangusa tandiko la baiskeli. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Yale mabati nimeyauza. Sina cha kurudisha."

"Nani amekuuliza mabati? Tumezoea kubanana." Alimtazama huyu mwanamume mzee mwenye kola iliyochakaa, akangoja huruma ije. Haikuja yote, ilikuja kidogo, kama ile chenga ya mwisho ya dhahabu kwenye karai, ambayo lazima uigeuze juani ndipo uione. "Sikiliza, Machage. Sijakupenda bado. Nimeamriwa, kwa hiyo nitajitahidi, ila usinikimbize. Benchi letu lina nafasi ya mtu mmoja asiyenyoosha miguu. Ingia."

Machage aliegemeza baiskeli kwenye ua. Waliingia pamoja, yeye akipunguza hatua zake ili zilingane na magoti ya Bibi Robi, na kwaya ikaendelea na ubeti wa tatu.